USIKIMBIE KABLA HUJATAJWA JINA



Leo nataka tuzungumze kuhusu mbwa. Najua kuna mama mahali fulani anasoma hapa akisema, "Pasta, sasa tumefika kwa mbwa?" Mama, nivumilie. Mungu aliyemfundisha Balaamu kwa kinywa cha punda hakushindwa kunifundisha mimi kwa mbwa.

Mwaka jana nilialikwa kuhudumu katika ushirika wa Wakenya wanaoishi Minnesota, kule Marekani. Ijumaa jioni mwenyeji wangu akaniambia jirani yake, mzee mmoja mstaafu, kesho yake anampeleka mbwa kufanya mtihani. Nikacheka. Mbwa na mtihani wapi na wapi? Sisi kwetu mbwa ni wa kulinda boma. Mchana amefungwa, usiku anabweka, na chakula chake ni kile kilichobaki. Uwindaji wenyewe serikali yetu iliupiga marufuku tangu 1977. Basi nilienda kwa udadisi tu. Nikarudi nikiwa nimehubiriwa.

Mbwa wale wanaitwa ritriva. Kazi yao si kuua. Mwindaji akipiga bata, bata huanguka majini au kwenye nyasi ndefu, na mbwa hutumwa amwokote, amlete mpaka mkononi mwa bwana wake bila kumtafuna. Wale wa rangi ya dhahabu wana asili ya Uskoti. Huko ndiko Dudley Marjoribanks, aliyekuja kuitwa Lord Tweedmouth, alianza kuwazalisha mwaka wa 1868. Kizazi baada ya kizazi wamechaguliwa wenye hamu ya kazi. Kwa hiyo mbwa mchanga wa aina hii akisikia bunduki, damu yake yote inasema, "Nenda!" Hamu hiyo amezaliwa nayo.

Mtihani wenyewe husimamiwa na American Kennel Club. Mbwa hawashindani wao kwa wao. Kila mmoja hupimwa kwa kipimo kilichowekwa, kwa hiyo wote wanaweza kupita na wote wanaweza kuanguka. Waamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Wanaangalia kama mbwa ameona na kukumbuka mahali ndege alipoanguka, kama anavumilia kutafuta, kama anafanya kazi kwa moyo, na kama anafundishika. Katika daraja la kwanza, lile la wanafunzi, huletewa ndege wanne, mmoja mmoja: wawili nchi kavu na wawili majini.

Mbwa wa yule mzee alikuwa Labrador wa manjano, dume, mwaka mmoja na nusu hivi. Mlango wa gari ulipofunguliwa, wapendwa, niliona moto! Alisimama kwa miguu ya nyuma, akalia, akavuta kamba mpaka akakohoa. Mimi nilidhani mzee atampiga, au atamfokea, au atakokotwa mpaka uwanjani. Hakufanya hata moja. Alisimama. Kamba ikikazwa, anasimama. Kamba ikilegea, anapiga hatua. Kutoka kwenye gari hadi pale pa kungojea, nyuma ya pazia la turubai, ni mwendo mfupi tu, lakini walitumia muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuangalia saa. Mzee hakuwa na haraka. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mwenyeji wangu akanitafsiria maneno ya mzee: "Nikipandisha sauti, naye atapanda. Woga wangu na hasira yangu vinashuka kwenye kamba hii hadi shingoni mwake."

Zamu yao ikafika. Katika daraja lile mbwa huruhusiwa kuzuiwa kwa kamba mpaka atumwe. Bunduki ikalia, bata akaruka hewani akaanguka mbali. Mbwa akatetemeka mwili mzima. Mwamuzi akataja namba yao, maana yake sasa ruhusa ipo. Mzee bado hakumwachilia! Alingoja mbwa anyamaze, akae, atazame mbele. Ndipo akamtaja jina lake mara moja tu. Mbwa akatoka kama mshale, akarudi na bata mdomoni, akamweka mkononi mwa mzee. Nilipiga makofi peke yangu. Kumbe pale watu hawapigi makofi ovyo.

Lakini ndege wa pili alipoanguka, mbwa alikuwa anarukaruka akipigana na kamba, shingo imegeuka upande. Hakuona mahali ndege alipoangukia. Alipotumwa alikimbia kwa kasi ileile, kwa moyo uleule, lakini upande usio wake. Akazunguka, akahema, akarudi mdomo mtupu. Mtihani ukaishia hapo. Ameanguka.

Nilimwendea mzee kumpa pole. Akampapasa mbwa wake kichwani, akasema, "Yeye hana kosa. Hamu anayo, na hiyo siwezi kumtilia mtu yeyote. Utulivu ndio unaofundishwa. Mimi nilimleta mapema mno."

Mimi nilimleta mapema mno. Wapendwa, neno lile lilinichoma. Acha niwaambie kwa nini.

Wengi wenu mnamkumbuka kijana wetu wa bodaboda aliyeokoka usiku wa kesha. Nimemwomba ruhusa niyaseme haya, akanikubalia. Kijana yule alikuwa moto! Akiomba, mabati yanatikisika. Kabla ya miezi sita kwisha nilimpa kipaza sauti ibada ya Jumapili. Kwa nini? Niwe mkweli mbele za Mungu: viti vilikuwa vinajaa. Vijana walikuwa wanarekodi na kusambaza. Mlikuwa mkishangilia, na mimi nilipenda kusikia mkishangilia.

Kisha ikaja ile Jumapili. Alimwita mbele dada mmoja, mke wa mtu, akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba ameonyeshwa kwa nini hapati mtoto. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amesikia kishindo ndani yake akadhani ni sauti. Dada yule alilia, mumewe akamshika mkono, wakatoka. Nami kwa hasira na aibu nilimnyang'anya kijana kipaza sauti, nikamkemea pale pale mbele ya watoto na wazee. Naye akatoka. Siku moja, watu watatu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikisimulia kisa kile kama kosa la kijana. Nilikwenda Minnesota ndipo nikajua mshika kamba alikuwa nani.

Haya ndiyo maoni yangu leo, na mchungaji mwenzangu asipokubaliana nami, bado tutakunywa chai pamoja. Kanisa letu la Kipentekoste limechanganya MSISIMKO na UTAYARI. Tukiona kijana analia, anaruka, ananena kwa kasi, tunasema, "Huyu ana upako, mpeni madhabahu." Tunamkata kamba. Halafu akikimbilia kusiko, tunaivuta ile kamba kwa nguvu mpaka shingo inavunjika. Tunakosa mara mbili, na mara zote mbili lawama tunamtupia yeye.

Wengine watasema, "Pasta, unataka kuzima moto wa Roho." Hapana! Ninajua makanisa yaliyozima vijana kabisa. Kijana akiinua mkono anaambiwa akae chini, na leo makanisa hayo yamebaki na wazee saba na kinanda kilichofunikwa kitambaa. Mbwa asiye na hamu hata umfundishe miaka kumi hataingia kwenye maji baridi kumfuata bata. Namshukuru Mungu kwa kila kijana mwenye moto. Ninachosema ni kwamba moto usio na meko huunguza nyumba.

Someni 2 Samweli 18. Ahimaasi mwana wa Sadoki alikuwa na mbio. Alimwomba Yoabu amruhusu akimbie. Yoabu akamwambia habari ya siku ile si yake, lakini akasisitiza mpaka akaachiliwa. Akampita Mkushi aliyetumwa kwanza. Alipofika mbele ya mfalme Daudi na kuulizwa juu ya Absalomu, hakuwa na jibu ila kwamba aliona kishindo. Akaambiwa akae kando. Mbio alikuwa nazo, ujumbe hakuwa nao. Na katika Yeremia 23 Mungu mwenyewe analalamika juu ya manabii waliopiga mbio ilhali hakuwatuma.

Sasa tazameni Bwana Yesu na Petro. Petro alikuwa mwanafunzi wa kurukaruka. Anaruka majini, anachomoa upanga, anakata sikio la mtu ambaye hakuna aliyemwambia amguse. Bwana hakumfukuza, wala hakumwacha aendelee kukata masikio. Alimwambia arudishe upanga. Kisha baada ya kufufuka, yeye na wenzake wakaambiwa wangoje Yerusalemu. Petro yule yule aliyejifunza kungoja ndiye aliyesimama siku ya Pentekoste. Sauti ile ile, moto ule ule, lakini sasa AMETUMWA.

Kuna jambo jingine nililoliona kule, nanyi vijana mlisikie. Katika madaraja ya juu mbwa huja bila kamba wala mkanda shingoni, na baada ya kumaliza kazi yake hutakiwa kukaa kimya atazame mwenzake akitumwa. Bunduki inalia, ndege anaanguka, jina linalotajwa si lake. Hatakiwi kuinuka. Nilimwona mbwa mmoja mweusi amekaa hivyo, anatetemeka tu masikio. Nikajiuliza, ni wangapi katika kikundi chetu cha sifa wanaoweza kukaa hivyo wakati mwenzao anaimbishwa wimbo waliotaka kuimba wao? Ni wachungaji wangapi? Kumwona ndugu yako akitumiwa na Mungu, na moyo wako ukatulia, huo ni mtihani wa daraja la juu.

Basi tutafanya nini? Maneno matupu hayavunji mfupa. Nimekaa na wazee wa kanisa, tumekubaliana mambo matatu.

Kwanza, kijana mpya mwenye moto atapewa kazi siku hiyo hiyo, lakini si kipaza sauti. Atapanga viti. Atakwenda na mama zetu hospitalini kuwaona wagonjwa. Atakaa kwenye maombi ya Jumatano ambayo hakuna anayerekodi. Mzee yule alinieleza kwamba nyumbani humrushia mbwa wake kitu cha kuokota, kisha mara nyingi huenda kukiokota mwenyewe, mbwa akiwa amekaa anatazama. Ndivyo anavyojifunza kwamba si kila kinachoanguka ni chake.

Pili, kila kijana atakuwa na mzee wa kutembea naye, hatua kwa hatua. Kamba ikikazwa, wanasimama. Ikilegea, wanaendelea. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje polepole, usije ukamvunja.

Tatu, hakuna atakayekemewa tena mbele ya watu katika madhabahu hii kwa ajili ya hasira ya mchungaji. Tukihitaji kumrekebisha mtu tutafuata Mathayo 18, tuanze naye faraghani. Nikivunja hili, wazee wana ruhusa ya kunikumbusha, nami nitakaa chini.

Nanyi washirika mna sehemu yenu. Makofi yenu ni bunduki. Mkimpigia kijana makofi kila anaporuka, mnamfundisha kuruka. Mpigieni makofi siku atakapokuja mapema kufagia. Mpigieni makofi siku atakaposema, "Sijapewa neno leo, naombeni tuombe tu."

Na wewe kijana unayesoma haya usiku, unayehisi umefungwa, unayeona miaka inapita na hakuna anayekuita: kungoja si kuachwa. Mzee hakumshika mbwa wake kwa sababu anamchukia. Alimshika ili aone vizuri mahali pa kwenda. Anayerukaruka hakosi nguvu, anakosa kuona. Tulia, tazama mbele. Mungu analijua jina lako, na siku atakapolitaja hutahitaji kumpita mtu.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa yule dada na mumewe kuwaomba msamaha. Wananisamehe polepole, nami sina haki ya kuwaharakisha. Kisha nikaenda stejini kumtafuta kijana. Nilipanda bodaboda yake, nikamwambia anipeleke popote. Tulipofika nikamwambia, "Mwanangu, nilikuleta mapema mno, kisha nikakuvuta shingo. Kosa lilikuwa langu." Alinyamaza muda mrefu. Akakataa kuchukua nauli.

Hajarudi kanisani bado. Lakini siku hizi nikimpigia simu anapokea. Mwombeeni, na mniombee mimi niliyeshika kamba.

Tuombe: Baba, asante kwa moto uliouwasha ndani ya watoto wako. Tusamehe sisi viongozi tuliowaachilia kabla ya wakati, na tuliowavuta kwa hasira. Tupe mikono tulivu na sauti ya chini. Wafundishe vijana wetu kungoja bila kuzimika, na kutumwa bila kujivuna. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kama kuna kijana unayemjua aliyeumizwa kanisani, usimtumie tu ujumbe huu. Mpigie simu leo. Tuonane Jumatano kwenye maombi, saa kumi na moja jioni. Kamera hazitakuwepo. 🙏