Wapeni vijana uwanja wa kurushia roketi

Klabu ya vijana ikiomba uwanja wa kujaribia roketi za mfano, jibu la kwanza la wakubwa huwa kwamba jambo hilo ni la hatari. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini tukitazama mchezo huu ulivyoanza, tunaona kuwa hatari ilipungua siku watu wazima walipoingia uwanjani pamoja na vijana, wakiwa na injini iliyopimwa na kanuni zilizoandikwa. Kabla ya hapo vijana walirusha vilevile, ila walirusha mafichoni. Baada ya Wasovieti kupeleka Sputnik angani tarehe 4 Oktoba 1957, homa ya roketi iliwapanda vijana wa Marekani. Waliokosa injini ya kununua walichanganya kemikali wenyewe nyumbani, wakazishindilia ndani ya vipande vya bomba la chuma, na bomba la namna hiyo likipasuka hurusha vyuma kama risasi. Waliumia, na wapo waliokufa. Dawa ilikuwa imeshapatikana tangu 1954, pale Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, alipotengeneza na kaka yake roketi nyepesi inayorudi chini kwa parachuti na kurushwa tena. G. Harry Stine, aliyefanya kazi ya makombora katika kituo cha White Sands, aliiona, akaona pia uhai wa vijana unaoweza kuokolewa, akaandika kanuni za usalama. Mwaka 1958 Vern Estes akaunda mashine ya kutengeneza injini hizo kwa wingi, na kijana akawa hana tena sababu ya kushika kemikali.

Tuiangalie injini yenyewe kwa karibu, maana wengi wanaoiogopa hawajawahi kuiona. Ile ya kawaida ni mrija wa karatasi ngumu wenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 70, ndani yake baruti iliyoshindiliwa kiwandani, na nyuma kitundu cha udongo. Ubavuni imechapwa, tuseme, A8-3. Herufi ni daraja la nguvu yake yote, na kila herufi inayofuata huongeza kikomo cha nguvu hiyo mara mbili. 8 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 3 ni sekunde ambazo roketi huendelea kupaa bila msukumo kabla ya baruti kidogo ya mbele kuisukuma parachuti nje. Huwashwa kwa waya na betri, mrushaji akiwa mita tano au zaidi kutoka hapo, na ufunguo wa swichi anao yeye peke yake. Isipowaka, huchomoa ufunguo na kungoja dakika nzima kabla mtu hajaisogelea. Kanuni hiyo ya dakika moja pekee ina malezi mengi ndani yake kuliko hotuba nyingi za nidhamu.

Wapo watakaosema kwamba shule isiyo na madawati ya kutosha haina haki ya kuchoma fedha hewani. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya hatari, na inastahili jibu la kweli. Mwili wa roketi ni karatasi iliyoviringishwa na gundi. Mapezi ni mbao laini au kadibodi. Kinachogharimu ni injini, na injini moja hulifundisha darasa zima. Kabla ya kurusha, vijana huifunga roketi kamba mahali inapokaa sawa bila kuinama, kisha huizungusha juu ya kichwa. Ikitanguliza pua, itapaa wima. Ikiyumba au ikienda kinyumenyume, inahitaji uzito zaidi puani au mapezi makubwa zaidi. Wakati wa kuruka, mwingine husimama mita 100 kando na kipimapembe chenye uzi na kokoto. Akisoma nyuzi 45 roketi ikiwa kileleni, imefika mita 100 juu ya jicho lake, na trigonometria iliyokaririwa ubaoni inakuwa jambo aliloliona. Wakichagua sekunde zisizofaa, parachuti hufunguka roketi ikiwa bado na kasi ikachanika, au huchelewa na pua ikajichimbia ardhini. Kosa hilo linawarudisha mezani na daftari, kwa hiari yao.

Kuhusu moto, wasiwasi ni wa haki kabisa: nyasi za kiangazi haziwaki kidogo. Sehemu ya kurushia hufyekwa, chini ya roketi huwekwa bati, ndoo za maji huwa tayari, na upepo ukizidi siku huahirishwa. Kuhusu silaha, roketi inayofuata kanuni hizi haizidi kilo moja na nusu, haina chuma mwilini wala kifaa cha kuilenga mahali.

Anga si geni kwetu, ila mara nyingi tumewatazama wengine wakirusha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, setilaiti ya Uhuru iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya anga za juu tu, nayo ilikuwa kazi ya Wamarekani na Waitaliano. Taifa-1 ya Kenya nayo ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Vijana wetu wakitaka kuanza kurusha wenyewe, wanakutana na sheria. Sheria za baruti katika nchi zetu zinawaza zaidi migodi na machimbo ya mawe, kwa hiyo mwalimu anayetaka injini ishirini za kiwandani huonekana kama mtu wa kulipua mwamba. Wizara za elimu na wenye dhamana ya vilipuzi wakae pamoja waandike kibali cha ukurasa mmoja: injini za kiwandani tu, mwalimu aliyefunzwa, sanduku la kufuli, polisi wa eneo wapewe taarifa. Kisha shule ichague uwanja mpana, na ianze mvua zikiisha tu, majani yakiwa bado mabichi.