Tanga Haliendi Omo Hata Katika Hadithi

Imeenea miongoni mwetu itikadi moja ambayo, kwa kuwa husemwa kwa tabasamu na kupokewa pasi na kupimwa, imepata cheo cha hikima ilhali ni uvivu uliovishwa kilemba: kwamba gemu yenye majoka, majini na mifupa inayopigana kwa panga ni mambo ya kubuni matupu, na kwa hiyo mtu anayelalamika kuwa ndani yake upepo unavuma visivyo, au mwezi unaandama visivyo, au karafuu imeota zama zisizokuwa zake, ni mtu mwenye ila ya tabia, mtafuta kasoro asiyejua kustarehe. Huambiwa, "Umelikubali joka litemalo moto, sasa wagombana na kamba?" Hadhira hucheka, mlalamikaji hunyamaza, na hoja hudhaniwa imekwisha.

Hoja hiyo haijakwisha. Imesimamishwa kichwa chini miguu juu. Nadai kwamba kulikubali joka ndiko kunakompa mtu haki ya kuiuliza kamba, na kwamba mwenye jicho la kuona kosa dogo katika mchezo wa kubuni ndiye mchezaji mwaminifu kuliko wote aliojaaliwa mtunzi, kwa kuwa ameusadiki ulimwengu aliopewa kiasi cha kutaka kujua unavyokwenda.

Mtu wa Pemba akitaka mfano hana budi kuanza na bahari. Mchezo wa Sea of Thieves, uliotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Rare ya Uingereza, umejaa maajabu yasiyomshitua yeyote aliyelelewa kwa ngano: pweza mkubwa huzuka kutoka kilindini akaizinga meli kwa minyiri yake, na maharamia waliokufa zamani husimama mifupa mitupu wakashika panga. Hayo tunayapokea kwa moyo mkunjufu. Lakini mchezaji akiigeuza meli yake ikatazamana na upepo uso kwa uso, hali matanga yametandazwa yote, meli haisimami wala hairudi nyuma. Hupungua mwendo tu, kisha ikaendelea mbele kana kwamba upepo wa omo ni mtu wa kuombwa radhi na kupitwa. Hapo kijana wa Kojani, aliyekwenda dago na wazee wake tangu utotoni na kujua kwa viganja vyake namna tanga linavyokufa likielekezwa penye upepo, huangua kicheko; na kicheko hicho, ambacho wenzake hukiita ujuaji, ni hukumu ya fundi juu ya kazi ya asiyekuwa fundi.

Chombo cha tanga kikikabiliwa na upepo hakina njia ila kubisha, kikienda mshazari upande huu kisha upande wa pili, na jahazi letu lina taabu kuzidi vyombo vingi, kwa kuwa kila ligeukapo mabaharia hulazimika kuipitisha foromali pamoja na tanga lake mbele ya mlingoti, kazi ya watu wengi na ya hatari pindi bahari ichafukapo. Ndiyo maana manahodha wa zamani, badala ya kushindana na upepo, walikhiari kuungoja. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498, Kusi ilipokuwa ikianza, alifika pwani ya Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi. Aliporudi bila ya kuujali msimu, akaanza safari mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, bahari ilimshika kiasi cha miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipoifikia tena pwani yetu Januari 1499 alilazimika kuichoma moto meli moja, kwa kukosa watu wa kuziendesha zote. Huo ndio upepo ambao watunzi wa mchezo wameufanya upunguze mwendo tu.

Na tazama, msomaji, ni kitu gani kinachopotea pamoja nao. Lau matanga yangalikwenda omo, mfanyabiashara wa Hadhramaut au wa Kachi, aliyeletwa na Kaskazi, asingalihitaji kukaa miezi katika bandari zetu akiingoja Kusi imrudishe kwao. Asingalioa, asingalijenga, asingaliacha watoto, na miji ya kale ambayo magofu yake yangalipo hadi leo Ras Mkumbuu na Chwaka isingalikuwa vile ilivyokuwa. Ukaidi wa upepo ndio uliotuzaa sisi watu wa pwani. Anayeuondoa kwa kudhani ni jambo dogo ameing'oa sababu ya hadithi, akatuachia picha ya bahari isiyo na bahari ndani yake.

Lakini hoja yangu kuu ni nzito kuliko ya historia. Wanazuoni wetu wameueleza muujiza kuwa ni jambo linalovunja ada, na katika maneno hayo mna elimu yote anayoihitaji mtunzi wa maajabu: pasipo ada hapana cha kuvunjwa, na pasipo cha kuvunjwa hapana muujiza. Nabii Suleimani alitiishiwa upepo, ukawa unamchukua asubuhi mwendo wa mwezi mzima na jioni mwendo wa mwezi mzima. Na hiyo ni karama kubwa kwa sababu moja iliyo dhahiri, nayo ni kwamba wanadamu wengine wote upepo hauwatii. Ulimwengu ambamo upepo humtii kila mwenye usukani hauna nafasi ya Suleimani. Basi anayesema kwamba palipo na joka hapana haja ya mambo madogo kuwa sawa amesema kinyume cha haki: palipo na joka ndipo mambo madogo yanapotakiwa yawe sawa zaidi, ili joka lipate kuwa ajabu na lisiwe kosa moja zaidi katika rundo la makosa.

Kadhalika maji. Bahari za michezo mingi hazijai wala hazipwi. Zimetulia katika kimo kimoja usiku na mchana, na juu yake mara nyingi huning'inia mwezi mpevu ambao haupungui wala hauandami. Kwa mtu wa bara huenda hilo likapita bila ya kuonekana, lakini katika kisiwa ambacho maji ya bamvua hushuka kwa kimo cha watu wawili, yakaacha nyanda wazi ambamo wanawake huingia kusaka pweza na kuvuna mwani, na ambamo chombo kilichochelewa saa moja kuingia katika hori ya Chake Chake hulala juu ya matope hadi maji yapande tena, mwezi na maji ni jamaa wasiotenganika, na anayeuchora mwezi mpevu juu ya maji mafu ameandika uwongo ambao hata mtoto wa chuoni anaweza kuusahihisha. Na ni hasara ya mchezo wenyewe: mlango wa pango unaofunguka kwa saa chache za maji kupwa, au adui anayekwama kwenye mwamba kwa kutojua tarehe ya mwezi, ni visa vinavyotolewa bure na maumbile, na watunzi huviacha wakaenda kununua vingine kwa gharama.

Kosa jingine limetufika nyumbani kabisa. Katika mchezo wa Civilization VI, uliotoka mwaka 2016, mchezaji huanza kujenga dola yake mwaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na miongoni mwa miji huru anayoweza kukutana nayo umo mji wa Zanzibar, ambao ukimkubali kuwa mlezi wake humpa tunu mbili zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote, mdalasini na karafuu. Sasa mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, ulioletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea kwa amri na tamaa ya zama za Seyyid Said na kwa jasho la watumwa. Na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya kwetu, sehemu kubwa ya zao hilo ikawa ya Pemba tangu hapo. Mchezo umetupa karafuu miaka maelfu kabla ya mche wa kwanza, ukafuta watumwa walioipanda, na ukamsahau Mpemba anayeichuma. Lakini mfululizo huo huo wa michezo, katika toleo lake la mwaka 2005, ulifunguliwa kwa sala ya Kiswahili iliyotiwa muziki na Christopher Tin, kazi iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 2011, ya kwanza kupewa muziki wa gemu. Wanaoweza kujishughulisha na lugha yetu kwa ustadi kiasi hicho hawana udhuru wa kutojua tarehe ya mti wetu.

Sitakaa sana juu ya Resident Evil 5, ya mwaka 2009, ambayo imeweka mji wa kubuni uitwao Kijuju katika Afrika ya Magharibi, ikaujaza watu waliopagawa wanaoitwa Majini, na kuwafanya wapige makelele kwa Kiswahili, umbali wa bara zima kutoka pwani inayokisema. Nitasema tu kwamba katika kisiwa hiki, ambacho sifa ya waganga wake ilivuka bahari zamani, hapana aliyewahi kusikia kuwa jini humalizwa kwa risasi.

Wapinzani wangu wana hoja moja ya maana, nayo yastahili kujibiwa kwa insafu: kwamba mchezo ni mchezo, na mtunzi hana budi kufupisha, kwani hapana atakayekaa mbele ya kioo akingoja miezi minne Kusi ivume. Nakubali. Msimulizi ana haki ya kufupisha, na haki hiyo ni ya kale kuliko maandishi. Hapana aliyemlaumu mtambaji wa ngano kwa kutotuambia shujaa alikoga saa ngapi. Lakini kuruka jambo si kulisema uwongo. Anayesema "baada ya siku nyingi wakafika" amefupisha, na anayesema walifika kwa tanga lililoelekea omo amekosa. Tena njia ya kufupisha bila ya kukosa ipo, na imekwisha kuonyeshwa: katika The Wind Waker, mchezo wa Nintendo wa mwaka 2002, kijana shujaa hupewa fimbo ya kuongozea upepo, na kila atakapo kwenda upande fulani huugeuza kwanza, ukamsukuma kwa nyuma, na mchezo huo ulipotolewa upya mwaka 2013 likaongezwa tanga la tunu ambalo huugeuza upepo wenyewe bila ya kusumbuliwa mchezaji. Mabaharia wa kweli hawana la kusema hapo. Mtunzi amekiri kwamba upepo una sheria, kisha akaomba muujiza waziwazi, na muujiza ukawa mtamu kwa sababu sheria ilikuwepo.

Nintendo hao hao, mwaka 2017, katika Breath of the Wild, walijenga nchi ya mazimwi ambamo moto huunguza nyasi na hewa yake ya joto humwinua mtu angani, na mwenye kuvaa chuma wakati wa radi hupigwa na radi. Wachezaji wa dunia nzima waliisifu nchi hiyo kwa ukweli wake, ingawa haipo. Mwandishi Tolkien, ambaye hapana mwenye majoka anayekana deni lake, aliona haya kuacha mwezi wa kitabu chake uandame ovyo, akarudi kuzipanga upya nyakati za safari ili zikubaliane nao. Na kwetu Shaaban Robert aliitundika nchi nzima hewani, akaiita Kusadikika. Lakini mahakama iliyomo ndani ya nchi hiyo huenda kwa taratibu ya mahakama, mshitaki akashitaki, mshitakiwa akapewa nafasi ya kujitetea, siku hadi siku, hoja kwa hoja, hata msomaji akasahau kwamba chini ya miguu ya hakimu hamna ardhi. Nchi ile inakaa juu kwa sababu mambo madogo yamekaa chini.

Na mwaka 2024 mchezo wa Skull and Bones umeileta Bahari yetu ya Hindi na pwani ya Afrika mbele ya wachezaji wa dunia, na kumpandisha mchezaji katika chombo cha namna ya jahazi. Hatuwezi tena kusema kuwa hizo ni bahari za watu wengine. Mtoto wa Wete atajifunza bahari yake kutoka kwenye kioo kabla ya kuijua kutoka kwa babu yake, na atakachokikuta humo ndicho atakachokisadiki, isipokuwa awepo mtu karibu wa kumwambia, "Hapo wamekosea."

Basi mtu huyo asichekwe. Vijana wetu wanaojifunza kutunga gemu, na idadi yao inazidi, wasianze kazi ya mchezo wa bahari kabla ya kukaa na nahodha mmoja wa Wete au mvuvi mmoja wa Kojani, wakamuuliza upepo unatoka wapi mwezi wa Julai na maji yanapwa saa ngapi siku ya kumi na tano ya mwezi. Kisha watie humo majini wapendao, hata elfu. Na wachezaji wenye jicho kali waendelee kuyataja makosa bila ya kuona haya, kwa majina na kwa tarehe, kwani mtunzi asiyeambiwa hatajua, na asiyejua atarudia.

Maneno "ni hadithi tu" si utetezi wa hadithi; hayajawahi kutamkwa ila na mtu aliyekuwa haiamini tangu mwanzo.