Mtoto Asiyelala Ila Mikononi

  

Tumeletewa suala na dada yetu mmoja wa hapa Majoreni, nasi tunajua kuwa si lake peke yake. Mwanawe ana wiki saba. Akipakatwa hulala fofofo, akilazwa kitandani macho humtoka na kilio huanza. Mumewe ni mvuvi, hutoka usiku na kurejea jua limekwisha chomoza. Mavyaa wake anasema mtoto amezoeshwa mikono, na dawa yake ni kuachwa alie mpaka anyamaze mwenyewe. Dada anauliza mambo mawili: je, ni kweli amemharibu mwanawe? Na Swala zake, ambazo siku hizi huziswali mbio huku kilio kikimtoboa masikio, zina hukumu gani?

Tuanze na la kwanza, maana ndilo linalomliza usiku.

Mtoto wa wiki saba hajui hila. Hana akili ya kupanga kuwa nikilia nitachukuliwa. Alikaa miezi tisa mahali penye joto, pasipo baridi wala kimya, akitikiswa kila mama alipotembea, akisikia pigo la moyo usiku na mchana. Kisha tunamlaza juu ya godoro tulivu na kushangaa kwa nini haridhiki.

Wataalamu wa watoto wanaeleza jambo ambalo mama yeyote akilijua atapata nafuu. Usingizi una hali mbili, mwepesi na mzito. Mtu mzima huanza usiku kwa usingizi mzito, lakini mtoto mchanga huanza na ule mwepesi, na takriban nusu ya usingizi wake wote ni wa namna hiyo: kope zinachezacheza, midomo inatabasamu, pumzi haziendi sawa. Mama akiona macho yamefumba hukimbilia kumlaza papo hapo, na hapo ndipo mtoto huzinduka. Tena yako mshtuko wa utotoni, ambapo mikono hutanuka ghafla kama ya mtu anayeogopa kuanguka. Kila kichanga mwenye afya anao, na humwondokea kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kumshusha kwa haraka, kichwa kikitangulia, ndiko kunakouamsha.

Zaidi ya hayo, kilio cha watoto huongezeka tangu wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hivyo dada yetu yuko juu ya mlima hivi sasa, na njia iliyobaki mbele yake ni ya kuteremka.

Je, kubebwa kunamzidishia mtoto kilio? Swali hili lilifanyiwa majaribio. Mwaka 1986, watafiti Hunziker na Barr wa mji wa Montreal, Kanada, waliwaomba baadhi ya wazazi wawabebe watoto wao kwa saa nyingi zaidi kila siku, hata pasipo kulia, na wengine waendelee na ada yao. Watoto walipofika wiki sita, wale waliobebwa zaidi walilia kwa asilimia 43 chini ya wenzao. Na kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo jambo ni kubwa kuliko usingizi. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kukosa mashine za joto za kutosha. Leo njia hiyo huitwa ya kangaruu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano ikiwamo Tanzania jirani zetu, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya watoto hao kwa robo.

Lakini sisi watu wa Pwani hatukuhitaji kufika Montreal. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tunalo neno kupakata, la kumweka mtoto pajani. Tunalo kueleka, la kumbeba mgongoni. Tunalo kuongoa, la kumtuliza mpaka alale. Na katika ndoa zetu, mbali na mahari ambayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe, desturi ilimtaka mwoaji atoe kilemba kwa baba, na kwa mama atoe mkaja na ubeleko. Mkaja ni ile nguo aliyojifunga tumboni alipojifungua, na ubeleko ni ile aliyombebea mwanawe. (Desturi hizi si sharti la ndoa kisheria, na hatupendezwi na wanaozigeuza mzigo kwa vijana, lakini maana yake tusiipoteze.) Wazee wetu walihesabu mgongo wa mama kuwa deni, na wakataka deni hilo litajwe hadharani siku binti anapotoka nyumbani. Watu wa namna hiyo hawakuamini kuwa kumbeba mtoto ni kumharibu.

Basi mavyaa wa dada yetu ameyatoa wapi maneno yake? Tusimvunjie heshima. Amelea, na wanawe wamekua. Lakini tumkumbushe kwa adabu nyumba aliyolelea. Palikuwa na nyanya, shangazi, wifi wawili watatu, na wasichana wa jirani waliogombania kumchukua mtoto. Aliyechoka alimpa mwenziwe. Mtoto alikuwa mikononi tangu alfajiri mpaka usiku, na hakuna aliyeona kuwa ni tatizo, kwa kuwa mikono ilikuwa kumi. Leo kijana amejenga chumba na sebule upande wa pili wa kijiji, au yuko Diani katika kazi za hoteli, au Mombasa, au Uarabuni, na mke amebaki na mikono miwili. Kinachomshinda huyu dada ni uchache wa watu, na kumwacha mtoto alie hakuongezi mtu hata mmoja nyumbani.

Na hapa tuwageukie kina baba. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqarah, aya ya 233, alipotaja unyonyeshaji wa miaka miwili, aliweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, na akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Mama asiyelala wiki saba anadhurika. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake mpaka wakati wa Swala ufike. Baba mvuvi amechoka, hilo hatulikatai. Na alale kwanza akirejea. Lakini kutoka Alasiri mpaka Magharibi, badala ya kwenda kukaa kwenye bao, na amfunge mwanawe kifuani kwa leso na atembee naye, mama apate kulala bila kuamshwa na mtu. Wako watakaomcheka. Na wacheke. Mavyaa naye, aliye na ujuzi wa kuongoa kuliko sote, achukue zamu ya saa mbili mpaka saa tano usiku, na mtoto aletwe kwa mama anaponyonya tu. Saa tatu za usingizi usiokatwa kwa mama mzazi ni sawa na dawa.

Upo ufundi unaosaidia. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2022 kuwa mtoto anayelia akibebwa na kutembezwa kwa dakika tano mfululizo, kwa mwendo sawa, wengi wao husinzia. Kisha mama akae naye kimya kwa dakika tano hadi nane kabla ya kumlaza. Subira ya dakika hizo ndiyo inayoupitisha ule usingizi mwepesi. Mshushe makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho, na mkono wako ubaki juu ya kifua chake kidogo. Ukiinua mkono wake ukaanguka mlegevu, usingizi umeshika. Asipokubali leo, jaribu tena kesho, mara moja kwa siku inatosha, hasa usingizi wa kwanza wa usiku. Ukitembea naye nje barazani, mfunike miguu na mikono, kwani mbu wa pwani hii wanajulikana, na akilala awe ndani ya chandarua.

Tuna hofu moja kubwa zaidi ya kilio, nayo ni mama kupitiwa na usingizi akiwa amemshika mtoto kwenye kochi au kiti. Hapo mtoto huteleza akabanwa pua baina ya mwili na mto, pasi na sauti. Ukihisi macho yanakuwa mazito na hakuna wa kumpokea, mlaze chali mahali tambarare na pagumu, pasipo mto wala blanketi zito wala mtoto mwingine, hata ikiwa atalia. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Na mzazi anayevuta sigara asilale kitanda kimoja na kichanga. Ukimfunga kwa leso, uso wake uuone, kidevu kisikandamizwe kifuani, na kabla shingo haijakaza mbebe mbele, si mgongoni.

Usimpe dawa ya mafua au kikohozi ili alale. Tunasikia yanafanyika, na ni hatari kwa pumzi za mtoto. Wala usimpe uji mwepesi au maji ya sukari kwa kudhani ana njaa. Maziwa ya mama yanamtosha kwa miezi sita ya mwanzo, naye kunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku ni kawaida. Wako pia watakaosema ana nyuni, na afungwe hirizi. Mtoto anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito, anayetulia akishikwa, hana ila. Msomee kinga, kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwaombea kinga Hasan na Husein. Lakini akikataa ziwa, akiwa na homa, akipumua kwa shida, akiwa mlegevu asiyeamka, akipatwa na degedege, au akilia bila kutulia hata mikononi, basi hiyo si hali tunayoizungumza hapa. Apelekwe zahanati au hospitali ya Msambweni saa hiyo hiyo, usiku usiku.

Na mama je? Ikiwa hasira zimepanda mpaka mikono inatetemeka, mlaze mtoto chali, toka nje dakika chache, tia udhu, vuta istighfari, kisha rudi. Kuachwa alie kwa muda huo hakumdhuru. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kumuua au kumpofusha. Na mama anayelia bila sababu siku nyingi, asiyetaka kula, au anayepitiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mwanawe, huyo ni mgonjwa kama mwenye homa. Aambiwe muuguzi wa kliniki bila haya, na asitajwe kuwa ni mchache wa imani.

Sasa suala la Swala. Kwanza, dada asifungwe na hesabu ya arobaini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nifasi kwa kawaida ni siku arobaini na ukomo wake ni sitini. Damu ikikatika kabla ya hapo, hata siku ya ishirini, ni wajibu kukoga na kuswali. Pili, kufupisha Swala kwa ajili ya kilio ni Sunna. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika Swala akiwa na nia ya kuirefusha, na akisikia mtoto analia akaifupisha, kwa kujua uzito uliomo moyoni mwa mama yake. Jamaa nzima ya msikiti ilifupishiwa Swala kwa kilio cha mtoto mmoja, nasi tunaambiwa mtoto aachwe alie. Basi soma Fatiha na sura fupi, tulia katika rukuu na sijda kwa kiasi cha wajibu, utoe salamu.

Tatu, kuswali naye mwilini kunajuzu. Abu Qatada (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali hali amembeba Umama, binti wa Zaynab bintiye, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Mfunge kwa leso kabla ya takbira, ili usihitaji harakati nyingi za mfululizo ndani ya Swala. Ila hakikisha nguo na nepi yake ni safi, kwa sababu anayeswali habebi najisi kwa kujua. Akikukojolea, na ni mtoto wa kiume asiyepita miaka miwili ambaye chakula chake bado ni maziwa tu, inatosha kunyunyizia maji yaenee mahali palipopatwa. Akiwa wa kike, paoshwe kwa maji ya kutiririka. Kinyesi huoshwa kwa wote wawili.