Ustahimilivu Usigeuzwe Mzigo wa Mnyonge

Wahenga walinena kuwa mstahimilivu hula mbivu. Methali hiyo humsifu binadamu. Haikutungwa kwa ajili ya daraja, bomba la maji wala nguzo ya umeme. Siku hizi, hata hivyo, wataalamu wanalitumia neno "ustahimilivu" kwa maana ya uwezo wa miundombinu kuhimili tetemeko la ardhi na kurejea upesi katika kazi yake. Si kosa, kwani maneno hupanuka maana. Hofu yangu ni kwamba, bomba likipasuka, atakayetakiwa kustahimili atakuwa mkazi wa Kibera na Kawangware.

Wapo watakaosema kuwa matetemeko hayatuhusu. Historia inawakanusha. Mnamo Januari 6, 1928, Subukia ilikumbwa na tetemeko la kipimo cha 6.9. Mnamo Julai 2007, mitikisiko iliyotokea karibu na mlima Ol Doinyo Lengai, Tanzania, iliwafanya wafanyakazi jijini Nairobi kutoka mbio katika majumba marefu. Na mnamo Septemba 10, 2016, tetemeko la Bukoba liliua watu na kuharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato.

Basi tathmini ya miundombinu yafaa iulize maswali mawili: Je, kitu kitasimama? Kikianguka, huduma itarejea lini, na kwa nani kwanza? Swali la pili ndilo husahaulika. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, husafishwa Ng'ethu, kisha husafirishwa kwa mabomba hadi matangi ya jiji. Kuhusu umeme, tulipata funzo Juni 7, 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme. Ikiwa tumbili aliweza hayo, ardhi ikitikisika itakuwaje?

Matangi ya Gigiri yakijaa tena, ripoti itaandika kwamba maji yamerejea Nairobi. Lakini mama anayepanga foleni penye kioski cha maji huko Kibera atakuwa bado anatazama mtungi mtupu, au ananunua kwa bei iliyopandishwa. Vichochoro ambamo gari la zimamoto halipiti hata siku ya amani havitapitika vikijaa mabati na vifusi. Kwa hiyo kipimo kianzie kwenye mfereji wa mwisho, wala si kwenye tangi la kwanza.

Aidha, tusisubiri tetemeko ndipo tukague madarasa. Mnamo Septemba 23, 2019, jengo la shule liliporomoka Ngando, si mbali na Kawangware, na watoto wanane wakafa. Ardhi haikuwa imetetemeka.

Naiomba serikali ya kaunti ianze na shule na zahanati za mitaa hii, ikague kuta na nguzo, kisha iyatangaze matokeo kwa Kiswahili ambacho mzazi atakielewa. Nanyi walimu wa jiografia, wapelekeni wanafunzi wachore ramani za mitaa yao: kioski kiko wapi, njia ipi ni pana, uwanja upi ni wazi wa kukimbilia. Ramani hizo zipelekwe kwa wahandisi. Na mhandisi atakaposema kwamba Nairobi ni stahimilivu, mwanafunzi wa Kawangware awe na haki ya kumuuliza: ni mabomba yanayostahimili, au ni sisi?