Tom Robinson Naye Alisema

Yuko mwalimu mwenzetu mmoja, nisiyemtaja kwa jina kwa kuwa ugomvi wangu ni na fikira yake wala si na nafsi yake, ambaye alimnyima mwanafunzi alama nne kati ya kumi kwa kosa la kuandika kwamba Tom Robinson ni shujaa. Insha ilikuwa ya darasa letu la jioni hapa Likuni, ambako vijana wa Lilongwe na vijana wachache wanaotoka kambi ya Dzaleka hujifunza Kiswahili sanifu pamoja. Riwaya yenyewe, To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, walikuwa wameisoma kwa Kiingereza katika shule zao. Kazi yetu ilikuwa kuwafanya waijadili kwa Kiswahili. Swali liliuliza: ni nani shujaa wa riwaya hii, na ushujaa wake ni upi? Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jina moja tu, la wakili Atticus Finch. Binti mmoja wa Dzaleka akaandika jina jingine, na pembeni mwa karatasi yake pakaandikwa kwa wino mwekundu: "Huyu ni mwonewa, si shujaa."

Maneno hayo matano ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Nadai kwamba yana kosa, na kwamba kosa hilo si la mwenzangu peke yake. Ni letu sote tunaofundisha vitabu vya dhuluma kana kwamba viliandikwa ili kuwasifu waokozi.

Kwa faida ya wale ambao hawajakisoma, kitabu hiki kilichapishwa mwaka 1960 na kikapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1961. Mambo yake yanatokea katika miaka ya 1930 katika mji wa kubuni uitwao Maycomb, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Tom Robinson, mtu mweusi, kibarua wa shambani, mwenye mke na watoto, anashtakiwa kwamba amemnajisi Mayella Ewell, binti wa Kizungu aliye maskini wa kutupwa. Mkono wa kushoto wa Tom ulisagwa na mashine ya pamba alipokuwa mtoto, wala haumfai kwa lolote. Na majeraha ya binti yule yanaonyesha kwamba aliyempiga alitumia mkono huo huo wa kushoto. Atticus anayathibitisha haya mchana kweupe. Juri ya watu weupe inamtia Tom hatiani hata hivyo. Baadaye Tom anapigwa risasi akijaribu kutoroka gerezani, na mwilini mwake zinahesabiwa tundu kumi na saba.

Sasa tumwendee Tom kizimbani, maana hapo ndipo walimu wengi hupita mbio. Mwendesha mashtaka anamwuliza kwa nini alikuwa akimfanyia Mayella kazi zote zile, kuchanja kuni na kuteka maji, bila kulipwa hata senti. Angeweza kujibu kwamba aliogopa kukataa. Angeweza kusema kwamba alitazamia kupewa chochote siku moja. Majibu kama hayo yangewaridhisha waliokuwa wakimsikiliza, kwa sababu yangemwacha mahali pale walipozoea kumwona, chini. Tom anajibu kwamba alimwonea huruma. Ukumbi mzima unachukizwa. Mtu mweusi kumhurumia mwanamke mweupe! Kuhurumia ni kutazama chini, na Tom alikuwa amejaliwa, kwa sheria isiyoandikwa ya mji ule, kutazama juu tu. Jawabu lake lilikuwa kweli tupu, nalo likamdhuru kuliko ushahidi wote wa uongo uliotangulia.

Wala si hilo tu. Alipobanwa amwite Mayella mwongo, hakumwita. Alisema kwamba binti yule amekosea. Huyu ni mtu ambaye uhai wake ulikuwa ukining'inia juu ya ulimi wa binti huyo, na bado anamchagulia neno la staha. Kama huo si ushujaa wa moyo, mwenzangu na anifundishe ushujaa wa moyo ni kitu gani.

Najua atakalojibu, kwa kuwa amekwisha kunijibu kwa mdomo. Asema ushujaa hautimii pasipo hiari: Atticus angeweza kukataa kesi, ilhali Tom aliletwa kwa pingu. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini haisimami. Kwanza, Atticus naye hakujitolea. Jaji Taylor ndiye aliyemteua, naye mwenyewe anasema kwamba angependa aimalize dunia bila kukabidhiwa kesi ya namna ile. Hiari yake haikuwa katika kuipokea kesi, ilikuwa katika namna ya kuitetea: kuitetea kweli kweli badala ya kuitetea kwa jina tu. Naam, na hiari ya Tom ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Hakuchagua kusimama kizimbani, alichagua atakalosema akiwa kizimbani. Ikiwa mizani ni moja, na ipime watu wawili.

Sisemi kwamba Atticus si kitu. Usiku ule alipoketi peke yake mbele ya mlango wa gereza, na taa yake na gazeti lake, akiwangojea watu waliokuja kumtoa Tom wamwue, alifanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. (Wapenzi wake waliumia sana mwaka 2015, kilipotoka kitabu kingine cha Harper Lee, ambamo Atticus yule yule, sasa mzee, anaketi katika mkutano wa watu wanaopinga haki za weusi. Mimi sikuumia. Mwandishi alituonyesha mtu, nasi tulikuwa tumejitengenezea sanamu.) Ninalokataa ni ule utaratibu wa kugawa vyeo darasani: mweupe msomi apewe ushujaa, mweusi apewe uonevu, kisha mwalimu afunge daftari.

Historia yenyewe inaukana utaratibu huo. Mwaka 1931, katika jimbo hilo hilo la Alabama, vijana tisa weusi walishtakiwa huko Scottsboro kwa tuhuma ya namna ile ile. Wako mawakili waliowatetea, tena mawakili hodari, na Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mbili kubwa kwa sababu yao, mwaka 1932 na mwaka 1935. Lakini mwaka huo wa 1932 mama wa wawili miongoni mwao, Ada Wright, alivuka bahari akazunguka nchi za Ulaya akiwaombea wanawe mbele ya mikutano ya hadhara. Mwonewa huyo aliyesema aingizwe katika safu gani ya mwongozo wetu?

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili wa Malawi. Yanatuhusu sana. Kiswahili kiliingia nchi hii mara ya kwanza kikiwa mkononi mwa mwenye mnyororo. Akina Jumbe wa Nkhotakota na Mlozi wa Karonga walikuwa wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, na misafara yao ndiyo iliyokileta Kiswahili kwenye ufuo wa Ziwa. Haya hayafichiki, wala hayafai kufichwa sasa, baada ya lugha hii kufanywa rasmi katika Jumuiya ya SADC mwaka 2019, na baada ya kutangazwa mwaka 2023 kwamba itafundishwa katika shule za Malawi. Mwanafunzi wa Kiyao au wa Kichewa ana haki ya kutuuliza: lugha yenu inasema nini juu ya babu zangu waliofungwa?

Aghalabu sisi humpa kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Aliandika habari za watu wake mwenyewe, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini tazameni tena umbo la hadithi. Mtumwa anakamatwa, analia, anapakiwa jahazini, manowari ya Mwingereza inatokea, mtumwa anashukuru. Tangu Ziwa Nyasa hadi Alabama, mwenye mateso anapewa machozi na mwenye nguvu anapewa moyo. Ndiyo maana nasema kosa ni letu sote. Tulikuwa nalo kabla Harper Lee hajaandika.

Hata hivyo lugha yetu haina umaskini wa vitabu vya namna nyingine. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, mafunzo ambayo nchi ile haiyataki. Hana wakili wa kumtetea. Anasimama mwenyewe mbele ya Mfalme na Baraza, na badala ya kujitetea nafsi yake tu anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao walitumwa kuitafutia Kusadikika heri na malipo yao yakawa kifungo. Mshtakiwa ndiye wakili, tena wakili wa wengine. Kitabu hiki kingekuwa juu ya meza ya darasa lile, mwongozo wetu usingeliandikwa vile ulivyoandikwa.

Lakini nisimtendee Shaaban upendeleo nilioukataa kwa Harper Lee. Kusadikika inamalizika kwa huruma: Mfalme anasikia, Karama anapona, wafungwa wanafunguliwa. Maycomb inamalizika kwa risasi. Mwalimu atakayefundisha cha kwanza peke yake atawadanganya vijana kwamba kusema kweli hulipa, na atakayefundisha cha pili peke yake atawaambia, pengine bila kukusudia, kwamba wanyamaze. Mimi nashauri visomwe pamoja, wiki moja moja, na mwanafunzi aachwe abishane navyo.

Nashauri hivyo kwa sababu nimewajua wanafunzi wa Dzaleka. Kambi ile, katika wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake. Ilikusudiwa watu elfu kumi au kumi na mbili. Leo inao zaidi ya 50,000, walio wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na kisimani. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ilijiwekea mipaka kadhaa, ikiwamo ya kazi na ya kutembea, na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuuza mijini, Lilongwe ikiwamo, waliamriwa warudi kambini. Wengi walikamatwa na maduka yakafungwa. Sitaki kufananisha Lilongwe na Alabama, kwani huko ni kufananisha ovyo, na Malawi, nchi isiyo tajiri, imewapokea watu ambao nchi tajiri zimewafungia mlango. Nasema tu kwamba kijana wa Dzaleka anajua kizimba ni nini. Tangu utotoni amewaona wazazi wake wakihojiwa mbele ya meza za maofisa, wakipimwa kila neno: akilia sana anaigiza, asipolia hakuumia.

Binti niliyemtaja aliandika jambo ambalo mwenzangu alilipigia mstari na kuandika "nje ya mada". Alisimulia kwamba mwaka 2024, ukame ulipoyaunguza mahindi, mama yake alichota bakuli mbili za unga katika posho yao akampelekea mama mmoja wa kijiji cha jirani, Mmalawi, aliyekuwa na watoto wachanga. Watu wakamcheka. Mkimbizi gani huyo anayemhurumia mwenye nchi? Mama yake alirudi nyumbani ameinamisha kichwa kama mwizi. Binti akahitimisha kwamba alipofika kwenye jawabu la Tom mbele ya mwendesha mashtaka alikifunga kitabu akaenda kukaa nje, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuusikia ule mnung'uniko wa ukumbi.

Nimefundisha miaka mingi na nimesoma maelezo mengi ya wataalamu juu ya riwaya hii. Sijaona aliyekifafanua kisa kile kwa wepesi kama binti huyu, na katika lugha ambayo alipoanza kuja kwetu aliiandika kwa viambishi vya kubahatisha. Nje ya mada! Hiyo ndiyo mada.

Mwenzangu ananiambia kwamba nikiwaruhusu wanafunzi kuleta habari za nyumbani katika insha za fasihi, hakutakuwa na usahihishaji wa haki, kwa sababu machozi hayana alama. Hili nalikubali nusu. Insha ya binti ilikuwa na makosa manne ya upatanisho wa sarufi, na kwa hayo nimemkata alama moja bila kusita. Lakini kisa cha mama yake hakikuwekwa pale kuomba huruma. Kiliwekwa kama hoja, mahali pake, kikieleza kwa nini neno moja la Tom lilikuwa na gharama kubwa kuliko hotuba nzima ya Atticus. Mwalimu asiyeweza kutofautisha hoja na machozi asimlaumu mwanafunzi.

Alama tatu nimezirudisha kwa kalamu yangu mwenyewe na kutia sahihi. Mwenzangu ameahidi kuleta shauri hili mbele ya mkutano wa chama, akidai kwamba mwongozo ukishapitishwa haubadilishwi na mtu mmoja. Kwa kanuni huenda ana haki. Na alilete. Nitakachoomba mimi ni kimoja: kabla hatujapiga kura, asimame asome kwa sauti ukurasa ule wa ushahidi wa Tom, tangu swali la mwendesha mashtaka hadi jawabu, na binti awe ameketi nasi humo ukumbini.