Watoto Wadogo na Safari Ndefu za Desemba



Kila mwaka, siku chache kabla ya Noeli, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda kaskazini hujaa magari ya familia. Wachagga ndio wanaotaniwa zaidi kwa desturi hii, lakini Wapare na Wasambaa nao wamo, na wengine wengi. Ni desturi njema, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Mtoto asiyemjua bibi yake wala mgomba wa kwao amepungukiwa na kitu ambacho shule haiwezi kumpa. Tunalotaka kulitafakari juma hili ni namna watoto hao wanavyosafirishwa, kwa maana tumeona mengi yasiyotupendeza, na msimu umekaribia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita zipatazo 560. Mwenye gari lake hujipigia hesabu: kilomita 100 kwa saa, basi saa sita hivi nimefika. Hesabu hiyo haijapata kuwa kweli. Kuna msongamano wa Kibaha na Mlandizi, kuna malori hadi Chalinze, kuna vijiji visivyohesabika vyenye kibao cha 50, na kila baada ya kibao askari wa trafiki na tochi yake. Safari ya haki ni saa tisa au kumi. Ukiongeza mtoto wa miaka mitatu, ongeza saa moja na nusu, wala usinung'unike. Ugomvi mwingi ndani ya gari huzaliwa na ile hesabu ya uongo ya asubuhi. Baba amekwisha kuwaambia ndugu kwamba saa nane mchana yuko Himo. Mtoto anaomba kujisaidia mara ya tatu kabla ya Segera, naye baba anamwona mtoto kuwa mwizi wa muda wake.

Kwa maoni yetu, mwendo wa safari ya familia unapaswa kupangwa na yule mdogo kuliko wote. Simama kila baada ya saa mbili, dakika 15 zatosha, mtoto ashuke akimbie mahali palipo mbali na barabara. Dereva naye anahitaji mapumziko hayo hayo, ingawa wanaume wengi hawapendi kukiri.

Wapo wazazi wenye dawa nyingine. Huondoka jioni baada ya kazi ili watoto walale njia nzima. Tunaielewa hoja yao: gari huwa kimya, hakuna joto, hakuna maswali. Hata hivyo twaipinga waziwazi. Usingizi ule wa watoto hulipiwa kwa macho ya dereva mmoja aliyekwisha kufanya kazi mchana kutwa. Usiku njia hiyo ina malori yaliyoharibika bila taa, yakiwa na matawi machache tu ya miti barabarani kuwa ndiyo onyo, na taa kali za wanaokuja mbele yako. Katazo la mabasi kusafiri usiku liliondolewa mwaka 2023, lakini ruhusa haikuondoa giza wala uchovu. Afadhali kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Watoto watalala vilevile hadi Chalinze, na jua litakuwa bado juu mtakapofika.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote: kupakata. Mama ameketi kiti cha mbele, amefunga mkanda, na mtoto yuko mapajani pake. Picha hiyo ina upendo mwingi, nasi hatumdharau mama huyo. Lakini gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, mtoto wa kilo 10 huchomoka kwa nguvu ya mara 20 au 30 ya uzito wake. Hakuna mikono ya mama, wala ya mbeba mizigo wa Kariakoo, inayoweza kumzuia. Baya zaidi ni kumfunga mtoto pamoja na mama katika mkanda mmoja, kwa kuwa mwili wa mama ndio utakaombana mtoto. Viti maalumu vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Bei yake si ndogo, twajua, lakini tumeona harusi na kipaimara zikichangiwa kwa mamilioni. Ndugu wa ukoo mmoja waweza kununua kiti kimoja na kuazimana. Mtoto mchanga atazame nyuma, awekwe kiti cha nyuma cha gari, na asiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa. Asiye na kiti hicho, basi walau mtoto aliyekwisha kuota meno yake yote aketi nyuma na afungwe mkanda wake peke yake. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na mikanda ya nyuma iliyo mizima kabisa; ni sisi tunaoifukia chini ya vitambaa vya viti.

Kutapika kwa mtoto si utundu wala si pepo. Macho yake yanatazama ndani ya gari palipotulia, huku masikio ya ndani yakisikia mwendo, na mwili huchanganyikiwa. Ndiyo maana simu anayopewa ili anyamaze mara nyingi ndiyo inayomtapisha. Mwache atazame mbele na mbali. Mpe chakula chepesi, ndizi au mkate, na chipsi za kuku zenye mafuta za Korogwe ziachwe kwa wakubwa. Tena, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, chukueni kopo lenye mfuniko na taulo kuukuu. Aliyepata kusafiri na Wachagga wadogo watatu nyuma ya gari atatuelewa.

Na kipo cha kutazamwa, jamani! Mashamba ya mkonge ya Korogwe, kisha milima ya Usambara upande wa kulia tangu Mombo, kisha Upare, kisha mibuyu, na ukiwa na bahati, mbele ya Mwanga, theluji ya Kilimanjaro. Mtoto aambiwe majina ya milima hiyo na nani wa ukoo alitoka wapi. Babu yake alipita njia hii akiwa na shida zipi? Hayo hayamo katika simu.

Mahali pa kusimama pana hatari yake pia. Injili ya Luka yatusimulia jinsi Yosefu na Maria walivyokwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba Yesu, aliyekuwa na umri wa miaka 12, yumo kati ya jamaa msafarani. Familia kubwa ndivyo zilivyo: shangazi anadhani mtoto yuko kwa mjomba, mjomba anadhani yuko kwa dada wa kazi, na mabasi yanarudi nyuma uwanjani. Kabla ya kufungua milango, kila mtoto atajiwe kwa jina mtu mmoja wa kumshika mkono. Wala asiachwe mtoto aliyelala garini na vioo vimefungwa, hata kama ni kununua machungwa tu. Juani joto la ndani ya gari hupanda nyuzi 10 hivi katika dakika 10.

Wengi wenu hamna gari, mwasafiri kwa basi, na dereva wa basi hatasimama kwa ajili ya mtoto wenu. Kwenu twasema moja: mkiweza, mkatieni mtoto tiketi yake. Kondakta atawaambia mnapoteza fedha, maana mtoto hupakatwa bure. Mjibuni kwa upole na mlipe.

Nanyi wenye watoto wachanga kabisa, igaweni safari siku mbili. Korogwe na Same zina nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida. Bibi apigiwe simu mapema, aambiwe kwamba wageni wake watafika kesho yake mchana, asije akakesha jikoni akiwangojea.