UFA HAUZIBWI KWA AMRI



Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa karakana twaongeza: na ukiuziba vibaya, utajenga vile vile.

Mara nyingi kifuniko cha injini cha aluminiamu hupasuka upande wa chini, mahali panapopita mkono mmoja tu. Fundi huambiwa, "Chomea hapo hapo, upesi." Ufa ukirudi, lawama ni yake.

Tuseme kweli. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka. Aluminiamu haionyeshi rangi, huanguka ghafula. Aluminiamu safi huyeyuka kwa digrii 660 za Sentigredi, lakini utando ulio juu yake hutaka zaidi ya 2,000. Tena ile ya kumiminwa hunywa mafuta; yasipotolewa, mshono hujaa matundu kama mkate. Lazima kuosha grisi, kutoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kuuchimba, kusugua kwa brashi safi ya waya, na kupasha moto polepole. Mtu aliyelala chali gizani atayafanyaje hayo?

Na gesi ya argoni haina harufu, ni nzito kuliko hewa. Ikijaa shimoni humnyima mtu pumzi.

Basi twataka haya: kifuniko kifunguliwe kiletwe mezani, isipowezekana, pawe na hewa safi na mwenzake wa kumwangalia, tena fundi apewe saa za kutosha. Ukinyimwa, ndugu, usinung'unike peke yako. Mwambie mjumbe wako wa chama.